X inatoka, Wayland inaingia: Mabadiliko ya skrini kwenye kompyuta za Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho, au apdeti kama wengi tunavyoita, kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kompyuta yenye chipu ya ulinzi ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotumika kwenye steshenari, shule na ofisi ndogo zimetengenezwa kabla ya masharti hayo. Ndiyo maana wenye kompyuta hizo wanaanza kuulizia Linux. Ni bure, inaweza kufanya kazi kwenye mashine ya zamani, na inaendelea kupata masasisho.

Lakini anayehamia Linux leo anakuta nyumba iko kwenye ukarabati. Mfumo wa zamani unaochora picha kwenye skrini, unaoitwa X, unaondolewa, na nafasi yake inachukuliwa na mfumo mpya uitwao Wayland. Kwa mtumiaji wa kawaida badiliko hili linaweza kupita bila kuonekana. Kwa mwenye steshenari anayetegemea fundi wa mbali, au mwanafunzi asiyeona anayesomewa skrini na kompyuta, linaweza kusimamisha kazi ya siku nzima. Katika makala haya tunaeleza X ni nini, kwa nini inaondolewa, nani ataguswa na afanye nini.

Linux na programu huria

Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta, kama ilivyo injini kwenye gari. Ni programu huria, maana yake yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuangalia ilivyotengenezwa na kuibadilisha. Kuna matoleo mengi yaliyojengwa juu ya kiini hicho, yakiwamo Ubuntu, Debian, Fedora na Linux Mint.

Jambo hili si geni Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Baadaye shirika la Powering Potential liliweka kwenye shule za sekondari, zikiwamo za wilaya ya Karatu mkoani Arusha, kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kompyuta hizo zinatumia Linux.

Hata simu yako ya Android ina kiini cha Linux ndani yake. Tofauti ni kwamba Android haikuchukua X. Ilitengenezewa njia yake ya kuchora skrini, na tutaona baadaye kwa nini tofauti hiyo ina maana.

X ni nini

Ukifungua kompyuta unaona madirisha: moja la intaneti, lingine la barua, lingine la picha. Kila programu inajua kuchora kilicho chake tu. Lazima awepo msimamizi anayeamua dirisha gani liko juu na lipi liko chini, mausi imebonyeza wapi, na herufi unazoandika ziende kwa programu ipi. Kwenye Linux kazi hiyo imefanywa na X kwa miongo kadhaa.

X ilianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Toleo la kumi na moja, X11, lilitoka Septemba 1987, na ndilo linalotumika hadi leo likiwa limeongezewa viraka vingi. Ili kupata picha ya umri wake, wakati X11 inatoka Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo cha televisheni. Vituo vya kwanza vya Bara vilikuja miaka ya 1990.

Wakati ule kompyuta kubwa moja ilihudumia watu wengi, kila mmoja akiwa na skrini yake mezani. X ilitengenezwa kwa mazingira hayo. Programu iliweza kufanya kazi kwenye mashine iliyo chumba kingine na picha yake ikaonekana kwako kupitia waya wa mtandao. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na kwa muda mrefu uliwasaidia hata wenye maabara za shule zinazotumia mashine moja yenye nguvu na skrini nyingi.

Kwa nini inaondolewa

Sababu ya kwanza ni mzunguko mrefu wa kazi. Mkazi wa Tunduma ataielewa kwa haraka. Kabla ya kuwa na kituo cha pamoja cha huduma mpakani, lori lilimaliza taratibu upande wa Tunduma, likavuka, kisha likaanza taratibu upya upande wa Nakonde. Kituo cha pamoja kimewaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja ili mzigo ukaguliwe kwa kusimama mara moja.

X inafanya kazi kwa utaratibu ule wa zamani. Programu inapeleka picha yake kwa X. X inaipeleka kwa programu nyingine inayopanga madirisha, kuweka vivuli na kuyaunganisha kuwa picha moja. Picha hiyo inarudi tena kwa X, ndipo inakwenda kwenye skrini. Wayland imeunganisha ofisi hizo mbili. Anayepanga madirisha ndiye huyo huyo anayepeleka picha kwenye skrini. Matokeo yake video haikatiki katikati kwa mistari kama inavyotokea mara nyingi kwenye X, na kuunganisha skrini mbili zenye ukubwa tofauti kunakuwa rahisi.

Sababu ya pili ni usalama, na ndiyo inayopaswa kumgusa kila anayekwenda steshenari kujaziwa fomu. Waliotengeneza X waliziamini programu zote zilizo kwenye skrini moja. Programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusoma herufi unazoandika kwenye dirisha la programu nyingine, na inaweza kupiga picha skrini yako bila kukuuliza. Fikiria kompyuta moja ya dukani ambayo watu kumi kwa siku wanaingiza neno la siri la akaunti ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, la maombi ya ajira serikalini au la barua pepe. Programu moja mbaya iliyoingia kwa flashi ya mteja inaweza kukaa kimya na kuyaandika yote.

Kwenye Wayland kila programu inaona kilicho chake tu. Ikitaka kupiga picha skrini au kuionyesha kwa mtu mwingine, kompyuta inakuuliza kwanza: unaruhusu, au huruhusu? Ni utaratibu uleule unaoujua kwenye simu, pale programu inapoomba ruhusa kabla ya kurekodi skrini yako.

Sababu ya tatu ni uzee. Mwaka 2023 yalirekebishwa makosa ya usalama ndani ya maktaba ya X, na moja kati yake lilikuwa limejificha humo tangu 1988. Msimbo wa umri huo una vyumba ambavyo ni watu wachache sana duniani wanaovijua, na kugusa ukuta mmoja kunaweza kuangusha mwingine.

Wayland ilikotoka

Mwaka 2008 mtaalamu mwenye asili ya Denmark, Kristian Høgsberg, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Red Hat, alianza kuandika mfumo mpya. Aliuita Wayland, jina la mji mdogo ulioko jimbo la Massachusetts, Marekani. Wengi waliojiunga naye walikuwa walewale waliokuwa wakiitunza X, kwa hiyo walijua vizuri walikuwa wanakimbia nini.

Ni vyema kuelewa kwamba Wayland si programu moja. Ni itifaki, yaani makubaliano ya lugha ambayo programu na msimamizi wa skrini watazungumza. Kila kundi linalotengeneza mazingira ya kompyuta, kama GNOME au KDE, linaandika msimamizi wake kwa kufuata makubaliano hayo. Hapo ndipo penye faida na penye tatizo. Kinachofanya kazi kwa mmoja kinaweza kuchelewa kwa mwingine.

Safari imekuwa ndefu:

- 2012: toleo la Wayland 1.0 linatoka.
- 2013: Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, inatangaza mfumo wake tofauti uitwao Mir. Mwaka 2017 inaachana na mpango wa kuutumia kwenye kompyuta za mezani.
- 2016: Fedora 25 inaifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza.
- 2017: Ubuntu 17.10 inafanya hivyo pia, lakini mwaka unaofuata Ubuntu 18.04 inarudi kwenye X kwa sababu ya kasoro.
- 2021: Ubuntu 21.04 inaingia tena kwenye Wayland. Mwaka huohuo Nvidia, kampuni ya kadi za picha, inaanza kukubali njia ya kiufundi ambayo wasimamizi wengi wa Wayland wanaitumia.
- 2023 na 2024: mfumo wa kompyuta za Raspberry Pi unahamia Wayland, kwanza kwenye Pi 4 na Pi 5, kisha kwenye Pi zote.
- 2025: Red Hat inaiondoa seva ya X kwenye toleo lake la 10, na Ubuntu 25.10 ya Oktoba inaondoa chaguo la kuingia GNOME kwa X. Novemba, KDE inatangaza kwamba toleo lake la Plasma 6.8 litakuwa la Wayland peke yake.

Si kila mtu amefurahi. Mwaka 2025 baadhi ya wataalamu waliokataa kuona X ikizikwa walichukua msimbo wake na kuanzisha mradi wa XLibre ili kuuendeleza. Programu huria inaruhusu hilo. Lakini matoleo makubwa ya Linux yameshachagua mwelekeo, na wanaoitunza X ya awali sasa kazi yao kubwa ni kuziba matundu ya usalama.

Programu za zamani zitakufa?

Hapana, si mara moja. Wengi wetu tunakumbuka Desemba 2012 Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, kwanza Dar es Salaam, kisha miji mingine kwa awamu. Hukulazimika kutupa runinga yako ya mgongo. Ulinunua king'amuzi, ukaunganisha, runinga ya zamani ikaonyesha matangazo ya dijitali.

Wayland ina king'amuzi chake, kinaitwa Xwayland. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya X inapofunguliwa, Xwayland inasimama katikati na kutafsiri. Katika matoleo makubwa inakuja pamoja na mfumo na inajiwasha yenyewe. Tahadhari moja tu: programu zote zinazopita kwenye Xwayland bado zinaweza kuchunguliana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu ndani yake sheria ni zile za X.

Programu kubwa zimeshahama. Kivinjari cha Firefox kinatumia Wayland moja kwa moja tangu toleo la 121 la Desemba 2023. LibreOffice nayo inafanya kazi bila shida.

Nani ataguswa zaidi

Mwenye kompyuta anayesaidiwa na fundi wa mbali. Fundi yuko Mbeya mjini, wewe uko Itumba au Mkwajuni, na amezoea kuingia kwenye kompyuta yako kwa intaneti. Programu ya AnyDesk kwa miaka ilikuwa ikikataa kuonyesha skrini ya kompyuta inayotumia Wayland, kwa sababu ilizoea kuichukua skrini bila kuomba ruhusa. GNOME ina huduma yake ya kuunganishwa kutoka mbali, ipo ndani ya mipangilio. Ijaribu na fundi wako kabla ya siku ya shida.

Wasioona na wenye uoni hafifu. Programu ya Orca inasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Ili ifanye kazi lazima isikie vitufe unavyobonyeza hata ukiwa kwenye programu nyingine, jambo ambalo Wayland inalizuia kwa makusudi. Kwa miaka kadhaa watumiaji wa Orca walibaki nyuma. Toleo la GNOME 48 la Machi 2025 lilirekebisha sehemu ya tatizo, lakini kwa shule au mtu anayetegemea Orca tunashauri asihame mpaka ajaribu kazi zake zote.

Wenye kadi za zamani za Nvidia. Baadhi ya kadi hizo zinatumia draiva ambazo kampuni haizitengenezi tena, na haziendani na Wayland. Kompyuta zenye chipu ya picha ya Intel, ambazo ndizo nyingi kwenye mashine za ofisi zilizotumika, huwa hazina tatizo hilo.

Maabara zenye mashine moja na skrini nyingi. Wayland haikubeba ule uwezo wa X wa kupeleka programu kupitia mtandao. Zipo njia mbadala, lakini mpangilio wa zamani hauwezi kuhamishwa kama ulivyo.

Visivyoguswa. Printa, skana na mafaili yako haviko kwenye mabadiliko haya. Kazi ya kuchapa na kuskani inasimamiwa na programu nyingine kabisa. Printa ikigoma baada ya kusasisha, sababu itafute kwingine.

Utajuaje unatumia ipi

Kwenye Ubuntu bonyeza vitufe Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuandikia amri. Andika hivi, kisha bonyeza Enter:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ukijibiwa "wayland", uko kwenye mfumo mpya. Ukijibiwa "x11", uko kwenye wa zamani.

Kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04 unaweza kuchagua. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingia, bonyeza jina lako, na kabla ya kuandika neno la siri angalia kona ya chini kulia. Kuna alama ya gurudumu lenye meno. Ibonyeze, uchague kati ya Ubuntu na Ubuntu on Xorg. Ukiona kitu kimegoma kwenye Wayland, toka, ingia kwa Xorg, ujaribu tena. Kikifanya kazi huko, umejua chanzo, na fundi hatahangaika kufomati kompyuta bila sababu.

Ushauri wetu

Usikimbilie toleo jipya kwa sababu tu lipo. Ubuntu 24.04 ina masasisho ya kawaida hadi 2029, na matoleo ya Linux Mint 22 nayo yana masasisho hadi mwaka huo huku yakiendelea kutumia X kama chaguo la kwanza. Una muda wa kujipanga.

Jaribu kabla ya kufunga. Matoleo mengi ya Linux yanaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Kwa muda wa saa moja jaribu kazi zako zote: kuchapa, kuskani, kufungua tovuti za maombi, kucheza video, kuongea kwenye mkutano wa mtandaoni na kuunganishwa na fundi.

Okoa bando. Faili la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6 na la Linux Mint ni karibu GB 3. Programu huria zinaruhusiwa kisheria kunakiliwa, kwa hiyo mtu mmoja akipakua, wenye maduka watano wanaweza kuchangia gharama na kugawana kwa flashi. Hakikisha tu faili limetoka kwenye tovuti rasmi ya toleo lenyewe.

Nakili mafaili yako kwanza. Kabla ya kuhama, weka nakala kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kufunga mfumo, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Usidhani Wayland ni kinga ya kila kitu. Inazuia programu moja kuchungulia nyingine kwenye skrini. Haizuii mtu aliyesimama nyuma yako kusoma neno lako la siri, wala haifuti neno la siri ulilokubali lihifadhiwe kwenye kivinjari cha dukani. Mteja, ukimaliza kujaziwa fomu, toka kwenye akaunti yako kabla hujasimama. Na mwenye duka, mkumbushe.

Kama una swali ambalo makala haya hayajalijibu, litume kwenye kipindi. Taja aina ya kompyuta yako, toleo la Linux unalotumia na jibu ulilopata kwenye ile amri ya hapo juu. Kwa taarifa hizo tatu tunaweza kumtafuta fundi akujibu hewani, na jibu hilo likamsaidia na mwingine mwenye mashine kama yako.